Namna ya kuicheza SSX ya 2012 kwa aliyezoea matoleo ya zamani

Ikiwa ulianza, kama mimi, na SSX ya mwaka 2000, mchezo wa video wa kushuka milima ya theluji kwa ubao, kwenye PlayStation 2, kisha ukaupenda ule mlima wa SSX 3 uliowezekana kushukwa kutoka kileleni hadi chini bila kusimama, toleo la 2012, ambamo helikopta hukushusha juu ya milima mbalimbali ya dunia, litakuwia geni. Anza kwenye mipangilio na uchague vidhibiti vya zamani, ili vidole vikute vilichozoea.

Unapolikaribia tuta, shikilia kitufe cha kuruka, elekeza kijiti upande unaotaka kuzungukia, kisha achia kitufe pale tu ubao unapofika ukingoni kabisa, kwa sababu ukikiachia mapema mruko huwa mfupi na mzunguko haukamiliki. Hapo ndipo penye utamu wote wa mchezo huu, na panastahili jioni nzima ya mazoezi.

Usizoee kurudisha mchezo nyuma kila unapoanguka, kwani katika mbio wapinzani huendelea kushuka. Himalaya, fungua oksijeni kabla macho hayajaingia giza. Antaktika, fuata jua, maana kivuli hugandisha. Kilimanjaro nayo imo, na furaha niliyoipata kuiona haikuwa ndogo: ishuke kwanza bila kujali alama.