Kabla hujamzuia mtu kwenye barua pepe: mambo ya kuweka sawa kwanza

Ofisi ndogo za utalii za Moshi na Arusha zinaishi kwa barua pepe. Mteja wa njia ya Machame ya kupanda Mlima Kilimanjaro yuko Ujerumani au Marekani, hajawahi kukuona, na karibu kila anachokijua kukuhusu kimepita kwenye kikasha kimoja. Kikasha hicho hicho kinafurika matangazo ya watu wanaotaka kukutengenezea tovuti, wauzaji wa orodha za wateja, mirathi ya marehemu usiyemjua na ankara za bidhaa ambazo hukuagiza. Ukichoka, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye Zuia, au Block kama simu yako iko kwa Kiingereza. Ushauri wangu ni kwamba kitufe hicho kiguswe mwisho, hasa kati ya Machi na Mei, masika yanaponyesha na wateja wa Juni hadi Oktoba wanapoandika kuulizia nafasi. Hasara ya kuzuia vibaya haionekani. Mteja hajibiwi, anakwenda kampuni ya jirani, na wewe hujui hata kama aliandika.

Kwanza ujue kitufe chenyewe kinafanya nini, maana huduma za barua pepe hazifanani. Ukimzuia mtu kwenye Gmail, barua zake hazirudishwi kwake. Zinapokelewa, zinaingizwa kwenye folda ya barua taka, zinakaa humo siku 30, halafu zinafutwa zenyewe. Outlook nayo inazipeleka kwenye folda ya taka. Yahoo inazitupa kabla hazijakufikia, kwa hiyo ukimzuia mtu huko kimakosa huna pa kwenda kuzitafuta. Mtumaji haambiwi kwamba umemzuia, na barua alizokutumia zamani zinabaki pale pale zilipokuwa. Wala kuzuia huku hakumgusi kwenye simu wala WhatsApp. Kinachozuiwa ni anwani moja tu, na mtu yule yule anaweza kufungua nyingine ndani ya dakika chache.

Ndiyo maana jambo la pili ni kuisoma anwani yenyewe. Jina linaloonekana juu ya barua ni maandishi tu, mtumaji anajiandikia apendavyo. Ligonge jina hilo ili anwani kamili ifunguke, uisome herufi kwa herufi. Chukua neno kilimanjaro, ambalo liko kwenye majina ya kampuni nyingi za huku. Mtu akisajili kilirnanjaro, kwa r na n zilizobanana mahali pa m, kwenye kioo kidogo cha simu hutaona tofauti mpaka utulize macho. Anwani ya namna hiyo ni ya tapeli. Ukimzuia na kuishia hapo, umejiokoa wewe peke yako, wakati kampuni inayoigwa jina haijui kitu. Wapigie simu, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Hata anwani iliyo sahihi herufi zote inaweza kuwa ya kughushi. Utaratibu wa kusafirisha barua pepe uliowekwa mwaka 1982 haukuwa na njia ya kuhakiki mtumaji, sawa na bahasha ambayo yeyote anaweza kuandika nyuma yake jina la mtu mwingine. Ukaguzi umeongezwa baadaye, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanawabana watumaji wa barua nyingi wathibitishe anwani zao, lakini mianya bado ipo. Kwa hiyo ukipata barua ya vitisho au ya madai inayoonekana imetoka kwenye anwani yako mwenyewe, au ya mhasibu wako, usikimbilie kuizuia anwani hiyo. Utakuwa umemfungia mlango mhasibu kwa kosa la mwingine. Barua kama hiyo iripoti kuwa ni taka au ni ya ulaghai.

Ukishajua anayeandika ni nani, amua anastahili nini, kwa kuwa wengi wanaokusumbua hawahitaji kuzuiwa. Jarida la duka au hoteli uliyowahi kujiandikisha, jiondoe. Gmail mara nyingi huweka kiungo cha Jiondoe karibu na jina la mtumaji, na watumaji wakubwa sasa wanatakiwa kutekeleza ombi hilo ndani ya siku mbili. Lakini kiungo cha kujiondoa kilichomo ndani ya barua ya mtu usiyemjua kabisa usikiguse, kwa sababu kukibonyeza kunamthibitishia kwamba anwani yako iko hai na ina mtu anayeisoma. Huyo ripoti tu kuwa ni taka. Watu wa aina hiyo hubadilisha anwani kila mara, kumzuia mmoja mmoja ni kazi isiyokwisha. Kuripoti ndiko kunakoufundisha mfumo kuwatambua wanaofuata.

Kuzuia kunamfaa mtu halisi, mwenye anwani isiyobadilika, ambaye umeshamwambia hutaki na bado anaandika. Wakala anayekuletea bei zake kila asubuhi, mtu mliyegombana, muuzaji asiyesikia.

Kuna kundi jingine linalohitaji uangalifu kuliko yote, nalo ni zile anwani za mifumo ambazo hazipokei majibu. Benki, mitandao ya kukata tiketi na tovuti zinazokuletea wateja mara nyingi hutumia anwani moja kwa matangazo na kwa mambo ya maana: risiti, uthibitisho wa malipo, namba ya siri ya kuingilia. Ukizuia kwa sababu ya tangazo, risiti nayo inakwenda na maji. Hapo ingia kwenye mipangilio ya tovuti husika uzime matangazo, au tengeneza kichujio kinachozipeleka barua hizo kwenye lebo yake bila kupita kikashani. Zitakuwepo siku utakapozihitaji.

Vichujio navyo vina hatari yake. Gmail haikupi kitufe cha kuzuia kikoa kizima, yaani kila anwani inayoishia na jina la kampuni fulani. Hilo hufanywa kwa kichujio, ukaandika sehemu ya baada ya alama ya @ na kuagiza zifutwe. Kabla hujahifadhi, bonyeza kutafuta kwanza uone kichujio kingekamata barua zipi miongoni mwa ulizonazo tayari. Mtu akichuja neno kama malipo au safari kwa hasira ya matangazo, atajifutia nusu ya biashara. Na kichujio cha gmail.com nzima kitawafungia nje karibu wateja wote wanaojitafutia safari wenyewe.

Ukiwa kwenye ukurasa huo wa vichujio na anwani zilizozuiwa, tulia. Usome wote, mstari kwa mstari, na nakuomba sana hili usiliruke. Tapeli akipata nywila ya ofisi ya utalii, mara nyingi habadilishi kitu mnachoweza kukiona. Anakaa kimya anasoma mazungumzo yenu na mteja, anangoja mfike kwenye malipo ya awali, kisha anamwandikia mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika. Ili msione majibu ya mteja, anaweka kichujio ndani ya akaunti yenu wenyewe: kila barua kutoka kwa mteja huyo isomwe kama imeshafunguliwa, ihamishwe au ifutwe. Pesa inakwenda, mteja anatua uwanja wa ndege wa KIA akiamini amelipa, na ninyi mnajua alipotelea hewani miezi iliyopita.

Kwa hiyo kichujio chochote ambacho hakuna aliyekiweka ofisini, na anwani yoyote iliyozuiwa ambayo ni ya mteja au ya benki yenu, ni dalili kwamba kuna mtu ndani. Angalia pia sehemu ya kupeleka barua kwa anwani nyingine, kwa sababu nakala zinaweza kuwa zinatoka kila siku bila ninyi kujua. Ukikuta kitu, piga picha ya skrini kwanza, ndipo ukifute, ubadilishe nywila, utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, uwashe uthibitishaji wa hatua mbili (ule unaodai uthibitisho wa pili baada ya nywila), na uwapigie simu wateja wote mliokuwa mnazungumza nao habari za pesa. Kumzuia mtumaji mmoja hapo hakusaidii kitu.

Mfanyakazi aliyeondoka naye anahesabika humu. Watu humzuia aliyekuwa meneja wao wakadhani wamemaliza, huku akaunti ya ofisi bado imefunguka kwenye simu yake. Mtu aliye ndani hahitaji kukuandikia barua ili akudhuru. Nywila ibadilike siku anayoondoka.

Ofisi ambayo watu watatu wanatumia anwani moja, mmoja akizuia amezuia kwa wote. Wekeni daftari au ukurasa mmoja wa kuandika: anwani ipi, imezuiwa lini, na nani, kwa sababu gani. Nimeona kazi hii ndogo ikimaliza ugomvi mwingi wa "nani alimfungia mteja". Na kama barua pepe ya kampuni iko kwa fundi anayewatunzia tovuti, mwulizeni kama upande wake nako kuna orodha ya kuzuia. Kuna barua zinazokatwa kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea barua zenu, ambazo hamtaziona hata kwenye folda ya taka.

Folda hiyo ya taka ipangiwe siku. Mara moja kwa wiki inatosha kwa ofisi nyingi, mradi zisipite siku 30. Kumbuka kwamba utafutaji wa kawaida wa Gmail hauingii humo; mteja akisema aliandika na humwoni, andika in:spam mbele ya jina lake kisha utafute. Ukimpata, bonyeza kwamba si barua taka, na kwa wateja wakubwa na mawakala mnaofanya nao kazi kila msimu weka kichujio cha kutowapeleka huko kamwe. Taka nazo zinakula nafasi ile ile ya bure ya GB 15 mnayotumia kwa picha na mafaili, na ikijaa, barua za wateja zinaanza kurudishwa.

Likibaki suala la anayetisha, anayedhalilisha au anayedai pesa ili asivujishe kitu, mzuie baada ya kuhifadhi ushahidi. Picha ya skrini ni mwanzo tu. Kwenye kompyuta fungua ile barua, nenda kwenye vitone vitatu, chagua kuona barua ya asili, kisha uipakue kama faili. Humo ndimo inamoonekana njia iliyopita na seva ilizopitia. Hamisha na barua zake nyingine zitoke kwenye folda ya taka kabla siku 30 hazijaisha. Ukishazuia, mpya zitaendelea kuingia humo, kwa hiyo mpe mtu mmoja unayemwamini kazi ya kuzitoa na kuziweka pamoja. Vitu hivyo ndivyo utakavyokwenda navyo polisi, ambako Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa unyanyasaji wa mtandaoni. Kama tatizo ni kampuni ya hapa nchini inayoendelea kutumia anwani yako kwa matangazo baada ya kuikataza kwa maandishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko hayo. Barua ya kuikataza iandike wewe, itunze nakala yenye tarehe, na uipe kampuni muda wa kujibu kabla hujabonyeza Zuia, maana jibu lao nalo litaingia taka.