Kabla ya Kwenda Nyasini: Kumtambua Mdudu Mrukaji wa Familia ya Delphacidae

Wengi wa wadudu hawa wana urefu wa milimita 2 hadi 5 tu. Hukaa kwenye mashina ya nyasi wakifyonza utomvu, na wakishtuka huruka wasionekane tena. Ndiyo maana kazi kubwa hufanyika kabla hujafika uwandani.

Jifunze kwanza alama ya familia: kikwaru kinachochezeka kwenye ncha ya muundi wa mguu wa nyuma. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 hukionyesha, ya mara 20 ni bora. Jamaa zake wa Cicadellidae, familia nyingine ya wadudu warukaji ambao hujaa katika wavu huohuo wa kukamatia, hawana kikwaru. Miundi yao ina safu za miiba, na vipapasio vyao hutokea kati ya macho, si chini yake kama vya Delphacidae. Urefu wa mabawa usikudanganye: spishi moja huweza kuwa na wenye mabawa marefu na wenye mafupi yasiyofunika tumbo.

Ngoja umande ukauke. Nyasi zikiwa na maji, wadudu hunata kwenye kitambaa cha wavu na kuharibika. Hata siku kavu, wavu wa kufagilia huwapata walio juu tu. Wenye mabawa mafupi wako karibu na udongo. Hao wanahitaji mashine ya kufyonza, au upanue nyasi kwa mikono na kuzikung'uta juu ya sinia jeupe. Kagua chupa ya kufyonzea wadudu kwa mdomo: mrija unaovutia hewa usipokuwa na kitambaa chembamba, utameza wadudu.

Makazi ndiyo sehemu inayopuuzwa zaidi, na inasikitisha, kwani spishi nyingi hutegemea mmea mmoja au michache yenye undugu. Andika kimo cha nyasi, unyevu wa udongo, kivuli, na kama mahali hapo hulishwa mifugo au hufyekwa. Chukua mmea wenye suke, kwa sababu majani peke yake mara nyingi hayatoshi kuutambua. Mdudu mzima mwenye mabawa marefu huenda ametua tu. Tunutu (wadudu wachanga) kadhaa kwenye mmea mmoja ni ushahidi mzito zaidi, maana hawawezi kuruka kwa mabawa.

Beba vichupa vyenye alkoholi ya asilimia 70 hadi 80, na lebo za penseli za kutia ndani; wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Piga picha mdudu akiwa hai, kwani rangi hufifia.

Lenga kupata madume kadhaa. Majike wengi hawatambuliki hadi spishi, kwani tofauti zimo katika viungo vya uzazi vya dume. Ili kuviona, ncha ya tumbo hulowekwa usiku kucha katika hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10 (vaa glavu na miwani, huunguza), husuuzwa kwa maji, kisha hutazamwa kwa hadubini ndani ya gliserini. Fanyia kazi mdudu mmoja kwa wakati, na urudishe tumbo kwenye kichupa chenye mwili wake. Matumbo mawili yakichanganyika, hakuna namna ya kujua lipi ni la nani.