Kusomea unasihi wa shule Marekani: kwa watu wa Tanga walioko huko wanaofikiria kuanza

Kabla hujalipa ada ya maombi hata ya chuo kimoja, amua unataka kufanya kazi wapi. Naanza na hilo kwa sababu wengi wetu huanzia kwenye chuo: ada yake nafuu, kiko karibu na shemeji, masomo yake yako mtandaoni. Marekani leseni ya mnasihi wa shule (school counselor, anayewasikiliza na kuwashauri wanafunzi) hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. Shahada inayotosha Minnesota inaweza kudaiwa masomo ya ziada ukihamia Ohio. Waandikie chuo barua pepe, wakujibu kwa maandishi kama programu yao inatimiza masharti ya jimbo unalokusudia. Jibu la simu usilikubali.

Njia iliyonyooka ni shahada ya uzamili ya unasihi wa shule yenye ithibati ya CACREP, baraza linalokagua programu za unasihi. Si kila jimbo linaidai, lakini mwenye nayo huhama kwa urahisi zaidi. Ina krediti 60, na anayesoma bila kusimama huchukua miaka miwili hadi mitatu. Majimbo mengi huongeza mtihani, mara nyingi wa Praxis, na utachukuliwa alama za vidole ili rekodi yako ya jinai ikaguliwe. GRE, mtihani wa kuombea shahada za uzamili, vyuo vingi vimeshaiacha. Mwenye green card anaweza kuomba mkopo wa serikali kupitia FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo.

Shahada yako ya kwanza si lazima iwe ya saikolojia. Waliosomea ualimu au ustawi wa jamii hupokelewa. Utahitaji vyeti vyako vya nyumbani vitathminiwe na WES au taasisi nyingine iliyo chini ya NACES, umoja wa watathmini wa vyeti vya nje, na kwa kawaida matokeo yanatakiwa yatoke moja kwa moja kwenye chuo ulichosoma, si mkononi mwako. Hapo ndipo unapomhitaji ndugu aliyeko Tanga, wa kupanda basi la alfajiri kwenda Dar, kusimama dirishani, kuambiwa arudi kesho, na kurudi kweli. Mtumie nauli na pesa ya kula, pamoja na barua ya idhini yenye sahihi yako na nakala ya pasipoti. Majina yakague mapema. Cheti kikisema Mwanahamisi Bakari na pasipoti ikaongeza jina la babu, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili sasa hivi, si wiki ya mwisho ya maombi.

Kinachowakwamisha wengi ni mazoezi. Masharti ya CACREP ni saa 100 za mazoezi ya awali, kisha saa 600 za mafunzo kazini, na katika hizo 240 ni za kushughulika na wanafunzi moja kwa moja. Shule huwa wazi asubuhi hadi alasiri, saa zilezile ambazo wengi wetu tuko kazini kwenye nyumba za kutunzia wazee au kwenye maghala, na mara nyingi mazoezi hayalipwi. Hamia shifti ya usiku au ya wikiendi muhula mmoja kabla, na uweke akiba ya kodi ya nyumba. Uliza pia nani anayetafuta shule ya mazoezi, chuo au wewe mwenyewe. Programu nyingi za mtandaoni hukuachia wewe. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni apate idhini ya CPT, yaani ya mazoezi ya kazi wakati wa masomo, kabla ya siku ya kwanza. Akihitimu, OPT yake, yaani ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, ni miezi 12, bila ile nyongeza wanayopata wa sayansi na teknolojia.

Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Ukiwa kwenye mazoezi, mazungumzo yako na mwanafunzi hurekodiwa, na msimamizi huyatazama pamoja nawe. Mtoto wa miaka 13 anasema hataki kurudi nyumbani. Sisi tuliolelewa Ngamiani jibu tunalo mdomoni: vumilia, mzazi ni mzazi. Msimamizi atasimamisha video hapohapo akuulize mtoto alikuwa anataka kusema nini ulipomkatiza. Kungwi kazi yake ni kufunda, na anaijua. Mnasihi anatakiwa anyamaze mpaka mtoto amalize, ndipo aulize. Inachukua muda kujifunza, wala usione haya.

Zito zaidi ni hili: katika kila jimbo, mnasihi wa shule akiwa na sababu ya kushuku kwamba mtoto anadhulumiwa, sheria inamtaka atoe taarifa kwa mamlaka. Si kwa mjomba, si kwa imamu, wala hangojei kikao cha ukoo. Jipime mapema kama utaweza kupiga simu hiyo hata familia ikiwa ya Waswahili wenzako mnaosali msikiti mmoja. Kama huwezi, bora utafute kazi nyingine ya kuwasaidia watoto.

Lakini unacho ambacho wengi darasani hawana. Mtoto mgeni kutoka kwetu akiinamisha macho mbele ya mwalimu, ataandikwa kwamba hashirikiani. Wewe unajua ni adabu. Liseme hilo kwenye barua ya maombi, kwa tukio ulilolishuhudia mwenyewe.

Kwa anayetaka kurudi: ASCA, chama cha wanasihi wa shule Marekani, hupendekeza mnasihi mmoja kwa wanafunzi 250. Kwetu kazi hiyo kwa kawaida hupewa mwalimu wa malezi mwenye vipindi vyake vya Baiolojia na rundo la madaftari. Mtoto anaongelea kwenye kona ya ofisi ya walimu, na mwalimu mwingine akiingia kuchukua chaki, mtoto anabadilisha habari. Tangu Novemba 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi shule, na binti aliyemwacha mtoto kwa bibi yake Muheza anahitaji mtu wa kukaa naye faragha.

Hata hivyo, usingoje tangazo la ajira lenye jina la kazi yako. Tazama shule binafsi, miradi ya vijana, na kufundisha walimu wenyewe: Chuo cha Ualimu Korogwe kiko mkoani kwetu, na ADEM, wakala wa serikali ulioko Bagamoyo, hufundisha viongozi wa shule. Shahada ipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe. Ukiwa umechukua uraia wa Marekani, kumbuka Tanzania haina uraia pacha; ulizia ubalozini habari ya vibali kabla hujaacha kazi.

Na safari ijayo ya nyumbani usiiweke Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Njoo Agosti, omba ruhusa kwa mkuu wa shule uliyosoma, ukae siku mbili tatu na mwalimu wa malezi.