Somo: Valvu za amplifaya ya gitaa zinaiva? Anza na filamenti, baiasi baadaye

Juzi nililetewa amplifaya ya gitaa ya Deluxe Reverb yenye valvu mbili za nguvu aina ya 6V6GT. Mwenyewe alishanunua jozi mbili za valvu, na anodi (bamba la ndani ya valvu linalopokea mkondo) bado ilikuwa inawaka nyekundu kama kaa. Wengi hapo hukimbilia kizungusho cha baiasi, yaani volti hasi inayozuia mkondo wa valvu. Mimi sikigusi mpaka mwisho.

Kabla ya lolote: ndani mna zaidi ya volti 400 za DC, na kapasita huzihifadhi hata plagi ikiwa imechomolewa. Chomoa, kisha punguza chaji kwa rezista ya kilo-omu 10, wati 5, kutoka kapasita ya kwanza hadi chasisi, mpaka mita isome chini ya volti 5. Unapopima amplifaya ikiwa imewashwa, waya mweusi uushike kwa klipu ya mamba kwenye chasisi, mkono mmoja uwe mfukoni. Spika iwe imeunganishwa. Kama hujazoea kazi hii, mpe fundi, si aibu.

Hatua ya 1. Pima umeme wa ukutani. Kwangu ulisoma volti 247.

Hatua ya 2. Pima AC ya filamenti (waya unaopasha valvu joto) kati ya pini 2 na 7 za soketi ya 6V6. Inatakiwa volti 6.3. Nilikuta 7.07, yaani asilimia 12 juu. Hapo nikajua kesi imekwisha nusu: transfoma ilikuwa imeungwa kwenye waya wa 220. Filamenti ni shahidi mzuri kwa sababu haijali baiasi wala kapasita. Inafuata transfoma tu. Ingesoma 6.3 huku B+ (ile volti kubwa ya DC inayolisha valvu) ikiwa juu, ningetafuta kwingine.

Hatua ya 3. Pima B+ kwenye pini 3, valvu zikiwemo. Mchoro wa AB763, yaani saketi ya amplifaya hii, unaonyesha takriban 415, nilipata 466.

Hatua ya 4. Unga rezista ya omu 1 kati ya pini 8 na chasisi, kila valvu yake. Milivolti 1 ni miliampia 1. Nilisoma 29: 466 × 0.029 ni wati 13.5, wakati kikomo cha zamani cha 6V6GT ni wati 12. (Hesabu hiyo ina mkondo kidogo wa skrini (gridi nyingine ndani ya valvu), lakini kosa lake liko upande wa usalama.)

Nilihamisha waya hadi 240. Filamenti ikashuka hadi 6.5, B+ 428. Ndipo nikagusa baiasi, nikaiweka miliampia 20: wati 8.56, karibu asilimia 71 ya kikomo.

Maswali niliyoulizwa:

Mkuu, nimechomoa 6V6 zote, B+ imepanda hadi 480. Transfoma imekufa?
Hapana. Bila mzigo lazima ipande. Rudisha valvu ndipo upime.

Kwangu valvu moja tu ndiyo inawaka nyekundu.
Zibadilishane soketi. Wekundu ukihama na valvu, valvu imechoka. Ukibaki kwenye soketi ileile, zichomoe, linganisha volti za pini 5 za soketi zote mbili. Zote ziwe karibu hasi 35. Inayosogea kuelekea sifuri, kapasita yake ya mikrofaradi 0.1 inavuja.

Naweza kuweka 5U4GB badala ya GZ34 (valvu ya kugeuza AC kuwa DC) ili kushusha B+?
Itashusha, ila inakula ampia 3 za filamenti badala ya 1.9. Transfoma isiyotengenezwa kwa mzigo huo utaichoma.