SOMO: Kamera za nyumbani kwa pesa kidogo (mimi niliibiwa hadi rekoda)

Wakuu habari za jioni. Watu wananiuliza sana mambo ya kamera tangu yale yaliyonikuta, kwa hiyo naandika mara moja niache kurudia rudia. Mimi sio fundi, mimi ni mtu aliyeibiwa akiwa na kamera nane. Ndiyo, nane. Nyumba iko Kyaliwajjala, karibu na Kampala, muuzaji aliniambia seti ya nane bei yake inakaribiana na ya nne, nikaona nimepata, tukazifunga zote juu kabisa chini ya paa na nikalala usingizi wa mfalme. Jamaa walipoingia wakabeba tivi, na rekoda, lile boksi linalohifadhi picha za kamera zote, ilikuwa hapo hapo chini ya tivi wakaibeba nayo, nadhani walifikiri ni dikoda. Picha zote zikaondoka. Nilibaki na klipu moja iliyowahi kufika kwenye simu, na inaonyesha kofia. Hata rangi ya kofia sijui, maana usiku kamera inatoa picha nyeusi na nyeupe.

Sasa twende.

Hatua ya 1: tembea nyumbani kwako kama mwizi. Usiku, na tochi. Angalia mtu anaweza kupitia wapi, utakuta njia ni mbili au tatu tu, geti, mlango wa jikoni na labda ukuta wa upande wa choo cha nje. Hizo ndo zinataka kamera. Kamera ya kuangalia maua haina kazi.

Hatua ya 2: urefu na lenzi, hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Kamera ikikaa juu sana inaona vichwa. Weka mita mbili na nusu hivi, ielekee pale mtu analazimika kuja mbele, na ukiogopa itang'olewa mwambie mchomeleaji akutengenezee kijikeji cha chuma. Halafu uliza lenzi ni milimita ngapi. Ya 2.8 inaona kiwanja chote lakini sura ya mtu usiyemjua inasomeka vizuri kwenye mita tatu hivi, zaidi ya hapo unaona mtu tu. Ya 4 inafika mita nne na kitu, ya 6 inasogea mpaka kama nane ila inaona upana mdogo. Kwa hiyo mlangoni weka 2.8, kwa geti lililo mbali na nyumba chukua 6. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, sogea duka la pili, pale William Street Kampala maduka hayajaisha.

Na usidanganywe na maandishi ya boksi. Kuna boksi zimeandikwa 4K, yaani megapikseli 8, na ndani ni megapikseli 2 zilizovutwa. Megapikseli 2 halisi, yaani 1080p, inatosha nyumba ya kawaida. Mwambie aiwashe, azime taa za duka, uone picha ya giza kwa macho yako kabla hujatoa hela.

Hatua ya 3: waya au waifai. Kama nyumba ni yako na utakaa, vuta waya, unavuta mara moja umemaliza. Kama unapanga, waifai, ukihama unahama nayo. Kumbuka kamera nyingi za bei ya chini zinashika waifai ya masafa ya 2.4GHz peke yake, ruta ikiwa kwenye 5GHz haitaiona na utamlaumu muuzaji bure. Halafu mabati na geti la chuma vinakula waifai vibaya sana, pima na simu yako pale pale utakapofunga.

Hatua ya 4: picha zinakaa wapi. Kamera moja ya 1080p ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama GB 21 kwa siku. Kadi ya GB 64 hapo ni siku tatu hazifiki, kamera nne kwenye diski ya TB 1 ni siku kumi na moja hivi. Ukiiambia irekodi mtu akipita tu, inakaa muda mrefu zaidi. Rekoda ificheni! Juu ya dari, ndani ya kabati la nguo, popote ambapo sio chini ya tivi.

Hatua ya 5: umeme. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha saa nane usiku kamera yako inakuwa pambo la ukuta. Betri ya 12V 7Ah ina wati-saa 84, kamera mbili za wati 5 na ruta ya wati 8 zinakula wati 18, kwa hiyo unapata kama masaa manne. Weka na kinga ya radi, huku kwetu karibu na ziwa radi haina mchezo.

Hatua ya 6: badilisha paswedi ya kiwandani siku hiyo hiyo, fundi akiwa bado anakunywa soda. Mwaka 2016 kirusi kinaitwa Mirai kiliteka kamera na rekoda nyingi duniani, na kiliingia kwa hizo paswedi tu.

MASWALI

Mama wa Kireka: Mimi nakaa kwenye muzigo (chumba cha kupanga), landlodi hataki nitoboe ukuta. Naweza kuweka kamera ndani ya dirisha?

Jibu: Unaweza nyabo, lakini usiku ile taa yake ya kuonea gizani (infraredi) inagonga kioo na kurudi, utaona weupe mtupu. Izime kwenye apu, halafu acha balbu ya nje iwake. Na igeuze isiangalie mlango wa jirani, hapa Uganda tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, na hata bila sheria mtagombana kwenye bomba la maji.

Boda wa Mukono: Bando yangu ndogo mkuu, kamera haitaimaliza?

Jibu: Kurekodi kwenye kadi hakuli bando. Kinachokula ni wewe kuchungulia ukiwa stejini, kwa megabiti 1 kwa sekunde saa nzima ni MB 450. Chungulia dakika moja uache.

Mzee wa Luweero: Shambani sina umeme kabisa, nifanyeje kijana wangu?

Jibu: Mzee shikamoo. Tafuta ya sola inayotumia laini ya 4G, ila kwanza simama pale shambani na simu uone mtandao gani unashika. Na ujue nyingi hulala mpaka mtu apite, sekunde za mwanzo zinaweza kukosekana, kwa hiyo ielekee njia ndefu sio kona.

Dada wa Entebbe: Yangu inapiga alamu usiku kucha na hakuna mtu!

Jibu: Buibui. Wanapenda joto la kamera na wadudu wanaofuata taa, futa utando kila wiki. Kama apu ina chaguo la kutambua binadamu liwashe. Kama ni Novemba basi hao ni nsenene, wale panzi wa kuliwa, toka nje na ndoo.

Dada wa Entebbe: 😂😂 banange, nimetoka, nusu ndoo imejaa