Spika za gari zinakoroma: tafuta chanzo kabla hujanunua nyingine

Spika ikianza kukoroma, lawama ya kwanza huiangukia yenyewe, na mara nyingi haina kosa. Spika hutoa kile inacholetewa. Ikiletewa wimbi lililokatwa kichwa, itapasua sauti hata kama imetoka kwenye boksi leo asubuhi. Ndiyo maana kazi haianzi na bisibisi, inaanza na masikio: inakoroma lini, upande gani, na kwenye sauti zipi.

Ikikoroma hata redio ikiwa chini, shuku spika yenyewe au mlango. Ikiwa safi chini na kuharibika ukipandisha, shuku gein (kirekebishi cha amplifaya kinachoilinganisha na redio), umeme au krosova (kichujio kinachogawa sauti za juu na za chini). Zikikoroma zote kwa pamoja, chanzo kiko kabla ya spika. Kabla ya yote zima bass boost, loudness na ekolaiza ya redio, kisha zima na ile ya kwenye simu, maana hiyo ndiyo husahaulika. Cheza wimbo wenye rekodi nzuri kutoka kwenye flashi badala ya Bluetooth. Kuna "spika mbovu" ambazo hupona hapohapo.

Kama ni moja tu inayosumbua, tuseme ya mbele kushoto, zima redio kisha badilishana plagi za RCA (nyaya zinazobeba sauti kutoka kwenye redio) za kushoto na kulia pale zinapoingia kwenye amplifaya. Washa tena. Mkoromo ukihamia kulia, tatizo liko kwenye redio au kwenye waya wa RCA. Ukibaki kushoto, rudisha RCA mahali pake na sasa badilishana nyaya zinazotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika. Ukihama, upande huo wa amplifaya una hitilafu. Ukibaki, hapo ndipo pa kufungua mlango.

Kuipima spika

Skrubu za paneli ya mlango hujificha nyuma ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Zikishatoka, achia klipu kuanzia chini, na usiivute paneli kwa pupa kwani nyaya za swichi ya dirisha bado zimeishikilia.

Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka kifuniko cha katikati ya koni, usukume kwa usawa milimita chache, taratibu. Koni nzima huingia na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo kama wa kucha juu ya karatasi, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) inagusa sumaku. Usiihukumu bado. Legeza skrubu zinazoishikilia spika mlangoni, kisha sukuma tena: fremu ikibanwa juu ya bati lisilo sawa hupinda, na koili hutoka katikati. Mkwaruzo ukiisha baada ya kulegeza, weka ringi ya mbao au plastiki iliyonyooka chini ya spika, kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo. Usipoisha, na hasa kama kuna harufu ya vanishi iliyoungua, koili imekwisha.

Chomoa nyaya, upime kwa multimita kwenye omu. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8, ya omu 2 husoma takriban 1.6 hadi 1.9. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Namba ikirukaruka unapoisukuma koni, angalia nyaya laini zilizosukwa zinazotoka kwenye vituo vya spika kwenda kwenye koni. Hizo hukatika karibu na kituo, nazo huweza kulehemiwa, ila usizibadilishe kwa waya wa kawaida: lazima zinyumbuke mara nyingi sana kila sekunde, na waya mgumu hautadumu. Mpasuko mdogo wa koni huzibwa kwa gundi ya mpira inayobaki laini. Gundi inayokauka na kuwa ngumu itapasuka tena na kuongeza mlio wake.

Spika ikiwa nzima, mshukiwa ni mlango. Cheza sauti inayopanda polepole kutoka 30 Hz hadi 200 Hz, huku ukibonyeza paneli, kishikio na kioo kwa kiganja. Mahali ambapo mtetemo unakufa ukibonyeza ndipo penye kosa: klipu iliyovunjika, fimbo ya kitasa, fungu la nyaya linalogonga bati. Zungushia sponji ya kubandika. Bandika mkeka wa butili kwenye bati la nje; kufunika robo ya eneo kwatosha kulinyamazisha, si lazima ugeuze mlango kuwa sefu. Kilicho muhimu zaidi ni kuziba matundu makubwa ya bati la ndani, kwa sababu sauti ya nyuma ya koni ikipita hapo hukutana na ya mbele na besi hufutika. Matundu madogo ya chini kabisa ya mlango yaache wazi, ndiyo yanayotoa maji ya mvua.

Umeme

Injini ikiwa imewaka, betri husoma takriban volti 13.8 hadi 14.4. Hamishia multimita kwenye vituo vya amplifaya, cheza wimbo wenye besi nzito, utazame namba. Ikishuka chini ya 12 kila besi inapogonga, amplifaya haina nguvu ya kutosha na itakata mawimbi hata gein ikiwa sahihi. Sasa pima betri kwa wimbo uleule. Betri ikishuka nayo, ni betri au alteneta. Ikibaki juu, volti zinapotea njiani.

Mara nyingi njia hiyo ni waya hasi. Gusisha ncha moja kwenye hasi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukicheza kwa nguvu. Ukisoma karibu na nusu volti au zaidi, umepata mwizi. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, funga kwa bolti na si kwa skrubu nyembamba inayoshikilia plastiki za gari, waya uwe mfupi (chini ya sentimita 50) na unene sawa na ule chanya. Waya chanya nao uwe na fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri.

Unene haukisiwi. Amplifaya ya wati 500 yenye ufanisi wa asilimia 80 huvuta wati 625, yaani ampea 45 kwa volti 13.8. Kwa urefu wa mita nne au tano kwenda kwenye buti, waya wa geji 4, takriban milimita 21 za mraba, hautakuangusha. Angalia ni shaba tupu: alumini iliyopakwa shaba hupitisha umeme kidogo kwa unene uleule.

Mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini si mkoromo, lakini watu huuchanganya nao. Zima mfumo, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa. Ukinyamaza, unaingia kupitia redio au RCA. Ukibaki, rudi kwenye waya hasi.

Gein si volumu

Hapa ndipo spika nyingi hufia. Gein huilinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio. Ukiizungusha mpaka mwisho hupati wati za ziada. Unafika tu mapema kwenye ukomo, na zaidi ya hapo kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa. Wimbi lililokatwa kabisa na kuwa mraba hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi lenye kilele kilekile. Ndivyo amplifaya "ndogo" inavyounguza spika "kubwa".

Unahitaji multimita na faili za toni zilizorekodiwa kwa 0 dB.

1. Chomoa spika zote kwenye amplifaya. Gein zote chini kabisa, krosova zizimwe kwenye amplifaya na kwenye redio, ekolaiza sifuri.
2. Tafuta volti unazolenga: zidisha wati kwa omu, kisha chukua kipeuo cha pili. Tumia wati za RMS (nguvu ya mfululizo, si ya kilele), tena zile ndogo kati ya za amplifaya na za spika. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni pambo. Wati 75 kwa omu 4 ni kipeuo cha pili cha 300, yaani volti 17.3. Wati 100 kwa omu 4 ni volti 20. Sabufa ya wati 500 kwa omu 2 ni volti 31.6.
3. Washa injini, cheza toni ya 50 Hz, weka redio kwenye robo tatu ya volumu, mfano 30 kati ya 40.
4. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye vituo vya spika vya amplifaya bila kugusana. Pandisha gein taratibu mpaka ufikie namba yako. Acha hapo.
5. Zima, rudisha spika na krosova.

Wengi hutumia 1000 Hz kwa spika za milangoni. Tatizo ni kwamba multimita nyingi za kawaida husoma AC kwa usahihi karibu na 50 au 60 Hz tu, na kwa 1000 Hz hudanganya. Spika zikiwa zimechomolewa na krosova zimezimwa, 50 Hz hufaa kwa pande zote. Kumbuka pia kwamba multimita haioni wimbi lililokatwa: kama redio yenyewe inakata kwenye robo tatu, namba itakuwa sahihi na sauti itakuwa mbaya. Osiloskopu huonyesha hilo waziwazi. Usipokuwa nayo, shusha ukomo wa redio hatua tatu nne, urudie kipimo.

Huna multimita? Spika zikiwa zimeunganishwa, redio kwenye robo tatu, pandisha gein kwa wimbo unaoufahamu vizuri mpaka sauti ianze kukauka na kuchoma, kisha rudisha nyuma kidogo. Kwa milango inafanya kazi. Kwa sabufa ni hatari, kwani sikio huchelewa kugundua kupasuka kwa sauti za chini.

Na ile bass boost iache imezimwa. Kuongeza 6 dB hudai wati mara nne. 12 dB, karibu mara kumi na sita. Hakuna amplifaya iliyoweka akiba hiyo.

Krosova

Ili kutoa 40 Hz kwa ukubwa uleule wa 80 Hz, koni lazima isafiri mara nne zaidi. Spika ya mlango ya sentimita 16 haina safari hiyo, ndiyo maana hugonga na kukoroma. Weka HPF (kichujio kinachopitisha sauti za juu tu) kwenye 80 Hz, mteremko wa 12 au, bora zaidi, 24 dB kwa oktava. Spika ya sentimita 10 ipewe 100 hadi 120 Hz. Twita (spika ndogo za sauti kali) nyingi ziwe juu ya 3000 Hz. Chini ya hapo zinaungua. Sabufa ipewe LPF (kichujio kinachopitisha sauti za chini tu) ya 80 Hz. Kama boksi lake lina tundu la hewa, washa na kichujio kinachokata sauti za chini kabisa, hezi chache chini ya masafa ambayo boksi limepangiwa: la 33 Hz lipewe karibu 27. Chini ya masafa hayo boksi haliizuii tena koni, nayo hutupwa huku na huku bila breki.

Chanya, hasi na umbali

Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja hutoka nje wakati nyingine inaingia, na besi hupotea katikati ya gari. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwa nukta moja: chanya kwa chanya, koni inaruka nje. Usijaribu hivi kwenye twita. Kwa sabufa, kaa kiti cha dereva, cheza toni ya 80 Hz pamoja na spika za mbele, sikiliza, kisha geuza nyaya za sabufa. Baki na ile inayosikika kubwa zaidi, hata kama alama za chanya na hasi zinakupinga.

Kama redio au prosesa ina ucheleweshaji, pima kwa futi kamba kutoka kichwa cha dereva hadi kila spika. Sauti husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde. Sabufa ikiwa sentimita 170 na spika ya mlango wa dereva 85, tofauti ni 85, kwa hiyo mlango ucheleweshwe milisekunde 2.5. Sauti ya mwimbaji ikihama kutoka kwenye goti lako na kusimama katikati ya dashibodi, umepatia.

Ekolaiza iwe ya mwisho, nayo itumike kupunguza kuliko kuongeza. Sauti ikivuma kama ndani ya pipa, punguza 2 au 3 dB kati ya 100 na 200 Hz. Waimbaji wakikuchoma masikio, punguza kati ya 2000 na 4000 Hz. Shimo lisilozibika hata ukiongeza 6 dB limetokana na mawimbi kugongana ndani ya gari. Ekolaiza haitalijaza, itaipasha moto amplifaya bure. Hamisha twita sentimita chache au igeuze, ujaribu tena.

Ukimaliza, cheza nusu saa kwa volumu unayotumia kila siku, uguse amplifaya. Kuwa na joto ni kawaida. Ikijizima, pima omu za spika zilizounganishwa kwa pamoja: sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba ni omu 2, na amplifaya iliyoandikwa omu 4 kwa muunganiko wa daraja (pande mbili za amplifaya zikiunganishwa kuwa moja) haitazivumilia.