Filta ya hewa na vumbi la Marafa
Kitabu cha gari huenda kinakwambia ubadilishe filta ya hewa kila kilomita 20,000 au 30,000. Hesabu hiyo ni ya lami. Kama kila wiki watoka Malindi kupanda Marafa na lile vumbi jekundu, usingoje hata nusu yake. Kila ukibadilisha oili, fungua kisanduku, itoe filta uielekeze juani: usipoona mwanga kwenye mikunjo, imekwisha hiyo. Na usiioshe, jamani, ni karatasi! Hata kuipuliza kwa upepo wa fundi wa pancha kuna hatari, maana presha kubwa huitoboa, na katundu kadogo tu kapitisha mchanga hadi kwenye injini. Mimi nikishaona imeanza kuchakaa, nanunua nyingine.